Kiunga Kabla ya Shamba

Siku hizi mtu akisema anaishi viungani mwa mji, msikilizaji huelewa pembezoni: nyumba zisizomalizika, barabara ya vumbi, mwisho wa daladala. Lakini kiunga kwa maana yake ya zamani ni bustani ya miti ya matunda iliyo karibu na mji, penye minazi, milimau, miembe na kisima. Miji ya pwani ilizungukwa na bustani hizo kiasi kwamba jina la bustani likawa jina la pembezoni mwa mji wenyewe. Miji ikapanuka, miti ikakatwa, neno likabaki. Naanza na neno hili kwa sababu limehifadhi historia ambayo simulizi zetu za kilimo huipita haraka. Simulizi hizo hukaa kwenye mashamba makubwa: mikarafuu ya Unguja, mkonge wa Tanga, pamba ya Usukumani. Hoja yangu ni kwamba kabla ya shamba palikuwa na kiunga na ua, na kwamba mazao mengi tunayoyahesabu leo kuwa ya asili yetu yaliingia kwanza kama vioja vya nyuma ya jiko: shina moja, tuta moja, mche mmoja uliomwagiwa maji ya kuoshea vyombo na mtu aliyetaka kuona utafanya nini.

Tazama sahani ya mchana ya kawaida popote kati ya Lamu na Mtwara: ugali wa sembe, kisamvu cha nazi, kachumbari ya nyanya, vitunguu na pilipili, ndimu ya kukamulia, kipande cha papai au nanasi. Mahindi, muhogo, nyanya, pilipili ya kuwasha, papai na nanasi vyote asili yake ni bara la Amerika, na havikuwako huku kabla ya merikebu za Wareno kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema mwishoni mwa karne ya 15. Ndimu, vitunguu na mnazi vilitoka Asia. Ukiviondoa vigeni vyote katika sahani hiyo unabakiwa na chumvi na maji. Kila kimoja kilikuja bila bwana shamba, bila pakiti ya mbegu yenye maelezo nyuma yake, kikapokelewa na watu ambao kosa moja la kupanda lingeweza kuwaletea njaa ya mwaka mzima. Watu wa namna hiyo hawaamini mmea kwa kuambiwa. Walipaswa kuwa na mahali pa kuujaribu ambapo ukifa hakuna atakayelala njaa, na mahali hapo hapakuwa shambani.

Ushahidi wa kwanza ni wa wasafiri. Al-Masudi, aliyefika pwani yetu mwanzoni mwa karne ya 10, aliandika kwamba ndizi zilikuwa nyingi katika nchi ya Zanj, ingawa chakula hasa cha wenyeji kilikuwa mtama na aina ya mzizi wa kuchimbwa. Ndizi asili yake ni kusini-mashariki mwa Asia; tayari zilikuwa zimekwisha kuwa za kawaida. Ibn Battuta alipopita mwaka 1331 aliona hatua ya mbele zaidi. Mogadishu aliandaliwa wali wa samli, na pembeni yake ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, achari ya limau, achari ya pilipili (si hii ya Amerika), tangawizi mbichi na embe. Mombasa aliona ndizi, malimau na tunda aliloliita jammun, lenye umbo la zeituni na kokwa kama ya zeituni lakini tamu sana. Hilo ni zambarau letu, tunda la Bara Hindi. Halafu akaongeza jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha maelezo yake: watu wa kisiwa kile hawakulima nafaka, waliletewa kutoka pwani ya bara. Yaani kisiwa kidogo chenye watu wengi na ardhi haba kilikuwa kimeacha nafaka ilimwe mbali, kikaitunza ardhi ya karibu na nyumba kwa ajili ya matunda, na matunda aliyoyataja yalikuwa yametoka ng'ambo ya bahari. Nafaka ilikuwa mbali na ya kutegemewa. Ugeni ulikuwa karibu na mlango.

Miaka 167 baadaye Vasco da Gama alitia nanga mbele ya Mombasa, na mtawala wa mji akampelekea kondoo, miwa na machungwa na malimau mengi. Mwaka 1505, kundi la meli za Francisco de Almeida lilipoiteka na kuipora Kilwa, mmoja wa waliokuwamo alieleza bustani za mji kwa undani unaouma ukikumbuka kilichokuwa kikitendeka siku zile zile: machungwa matamu, malimau, figili, vitunguu vidogo, rehani na majani mengine ya kunukia, mitambuu, vyote vikinyweshwa maji ya visima. Mtu aliyevizoea visiwa vyetu atayatambua mambo haya mara moja, kwa sababu rehani bado inaoteshwa kwenye makopo na vyungu mlangoni pa nyumba za Lamu na Unguja. Kinachonivuta zaidi ni visima. Kisima cha mji wa mawe kinachimbwa ndani ya ua au jirani nao, na maji yake huvutwa kwa mkono, ndoo baada ya ndoo. Hakuna anayenyweshea ekari kwa ndoo. Kinachoweza kunyweshwa hivyo ni kitalu cha hatua chache, miche inayohesabika, na anayeimwagilia huiona asubuhi na jioni. Ataliona jani lililokunjamana siku hiyo hiyo. Atajua kama mche unapenda kivuli cha ukuta au unakikimbia. Ndicho wanachokifanya watafiti wa kilimo kwenye vitalu vyao leo, ila wa Kilwa hawakuandika daftari.

Na hapo ndipo linapokuja pingamizi la kwanza: kama hawakuandika, tunajuaje? Wasafiri walipita siku chache, wakaona kilichokwisha kukomaa, hawakuona kilichojaribiwa na kufa. Pingamizi hili ni la haki, nami silijibu kwa wasafiri. Nalijibu kwa majina. Lugha imetunza namna mbili za kuita mimea migeni. Namna ya kwanza huita mmea kwa mahali ulikotoka au kwa kinywa cha aliyeuleta: mahindi yamebeba India ndani ya jina lao ingawa hayakuzaliwa India, shelisheli ni jina la visiwa, pera ni neno la Wareno la tunda jingine kabisa la Ulaya lenye umbo la kufanana, kiazi ulaya kinajieleza chenyewe. Haya ni majina ya bandarini. Namna ya pili huita mmea kwa tabia yake, na majina ya namna hii hayawezi kutoka kwa baharia, kwa sababu baharia haujui mmea ukiwa ardhini. Njugu mawe ni zao la Afrika, la kale. Ua lake likishachavushwa huinamia udongo na tumba huvimba chini, gizani. Karanga ilipofika kutoka Amerika ya Kusini ilikuwa na mwenendo huo huo ambao ni nadra sana kwa mimea: ua la manjano juu, kisha kikonyo kinachorefuka kwenda chini mpaka kinauchoma udongo, na ganda linajengeka humo. Waliokuwa wakilima njugu mawe wakaiita njugu nyasa. Jina hilo lingeweza kutolewa tu na mtu aliyeifukua kwa mkono wake, akaona, akalinganisha na kile anachokijua. Kiazi kitamu vivyo hivyo kiliingia katika ukoo wa kiazi kikuu kilichokuwako tangu zamani, na nyanya inashiriki jina na nyanya chungu, ambayo ni ya Afrika. Katika majina hayo naona kumbukumbu za majaribio zilizoandikwa na wasiokuwa na kalamu.

Tena kulinganisha huko hakukuwa kwa jina pekee. Aliyeifananisha karanga na njugu mawe alijua papo hapo kwamba inataka udongo mwepesi, kwamba ipaliliwe kwa uangalifu ikishatoa maua, kwamba isingoje kuvunwa mpaka ardhi imekauka na kushika. Maarifa ya zao moja yalivushwa kwa jingine. Jikoni ikawa hivyo hivyo: majani ya muhogo yakaingia mahali pa mboga za majani zilizokuwa zikipikwa kwa nazi au kwa karanga, matembele yakafuata njia ya majani ya kunde. Mmea mgeni ulipopata ndugu wa kufananishwa naye, ulipata pia jembe, chungu na msimu.

Muhogo unastahili kukaliwa zaidi, kwa sababu ndio mtihani mgumu kuliko yote. Mmea huu una sumu. Mizizi na majani yake yakikatwa au kutwangwa hutoa sayanidi, na kiasi chake hutofautiana sana kati ya aina na aina. Muhogo mtamu unaweza kutafunwa mbichi, muhogo mchungu unaweza kuua, na mashina ya aina hizo yanaweza kufanana hata mzoefu akakosea. Anayepewa pingili za muhogo kwa mara ya kwanza anakabidhiwa chakula na hatari katika furushi moja. Ili aule salama lazima ajifunze kumenya, kuloweka siku kadhaa mpaka uvunde na kulainika, kuukamua, kuuanika juani, ndipo autwange unga. Makopa na udaga ni matunda ya elimu hiyo. Elimu ya namna hii hailetwi kwa tangazo. Inajengwa kwa shina chache zilizo karibu, kwa kujua shina hili lilitoka kwa nani na la nani lilimtapisha mtoto, kwa kulipa kila shina asili na jina lake. Na tunajua kinachotokea hatua hizo zikifupishwa. Wilayani Tarime katikati ya miaka ya 1980, ukame ulipowafanya watu waharakishe kusindika muhogo mchungu, ukazuka ugonjwa wa konzo, unaopooza miguu ghafla na usiopona. Zao lilikuwa lile lile. Kilichopungua ni siku za kuuloweka na kuuanika. Kwa hiyo ninaposema muhogo uliingia kwa mlango wa nyuma ya jiko, sitoi sifa tu. Sioni ni kwa mlango gani mwingine zao lenye sumu lingeweza kuingia likawa chakula cha mamilioni bila kwanza kuwamaliza.

Ni nani waliofanya kazi hiyo? Kwa sehemu kubwa ni wanawake, kwa kuwa mboga na sufuria vilikuwa mikononi mwao. Lakini kuna kundi jingine tunaloliacha. Katika mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba karne ya 19, watumwa walipewa vipande vidogo vya kujilimia chakula chao, na desturi iliyoenea ilikuwa kuachiwa siku mbili kwa wiki, Alhamisi na Ijumaa. Katika vipande hivyo ulioteshwa muhogo kwa wingi, pamoja na viazi, kunde na mboga. Waliolima hapo walitoka Nyasa, Uyao, Umakonde, Uzaramo na kwingineko, kila mmoja na ujuzi wa ardhi ya kwao. Wengi wao waliporwa kila kitu isipokuwa ujuzi huo. Mwenye shamba aliandikwa katika historia kwa karafuu zake. Aliyemlisha kwa muhogo wa konde hakuandikwa. Tukitaka kuwa wakweli kuhusu upishi wa Zanzibar tunaojivunia, deni kubwa tunalo kwa makonde hayo.

Barabara za misafara zilieneza jambo hili bara. Waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji walipanda kando ya nyumba zao matunda na viungo vya nyumbani: mindimu, mipapai, mikomamanga, vitunguu, na kupitia kwa Waungwana, yaani watu wa pwani wa misafara hiyo, kilimo cha mpunga kilivuka Ziwa Tanganyika mpaka Manyema, kule Kasongo na Nyangwe, ambako Kiswahili nacho kilibaki. Alama kubwa zaidi ni miembe, ambayo mpaka leo inaonyesha njia ya misafara kwa macho. Watu husema ilijiotea kutokana na kokwa zilizotupwa na wapita njia. Sikubali kwamba hilo linatosha. Kokwa la embe si kama punje ya mahindi. Likikauka linakufa, na nje ya tunda uhai wake ni wa wiki chache. Burton na Speke walitumia zaidi ya miezi minne mwaka 1857 kutoka pwani mpaka Kazeh, ambayo ndiyo Tabora, na hata misafara iliyokwenda kwa kasi ilihitaji miezi. Embe lililoliwa pwani halikuweza kuota Unyamwezi kwa kokwa hilo hilo lililobebwa mfukoni. Mwembe lazima ulisafiri kwa vituo: ukaota kwenye ua mmoja, ukazaa baada ya miaka, kokwa zake zikasogea mwendo wa siku kadhaa mpaka ua mwingine, ama ulibebwa ukiwa mche kwenye udongo, ukinyweshwa njia nzima, na hiyo ni kazi ya mtu aliyekusudia. Miembe ya Ujiji, basi, ni mwisho wa mnyororo mrefu wa nyua.

Sasa pingamizi kubwa zaidi. Atasema mtu: hayo ni ya mapapai na ndimu, lakini mazao yaliyobadilisha uchumi wetu yaliletwa kwa nguvu ya dola na mitaji. Sultani Seyyid Said aliamuru wenye mashamba wapande mikarafuu mitatu kwa kila mnazi. Wajerumani walifungua Taasisi ya Amani kule Usambara Mashariki mwaka 1902, wakajaribu mamia ya mimea ya kigeni kwa utaratibu wa kisayansi. Richard Hindorf aliagiza miche elfu moja ya mkonge kutoka Florida mwaka 1893, ikanusurika 62 tu kule Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na hiyo 62 ikatoka sekta nzima. Haya ni kweli, wala sina haja ya kuyapunguza. Ila yatazame kwa karibu. Karafuu kabla ya kufika Unguja ilipita Mauritius, ambako Pierre Poivre aliiotesha mwaka 1770 kutokana na miche iliyoibwa Maluku, akaitunza katika bustani ya makazi yake pale Pamplemousses. Ilipofika kwetu mwanzoni mwa karne ya 19, mapokeo yanamtaja mfanyabiashara Saleh bin Haramil al-Abray kuwa aliyeipanda, na Seyyid alikuja baadaye kuyachukua mashamba yake na kuitangaza amri. Dola ilikuta jaribio limekwisha kufaulu. Na ile miche 62 ya Hindorf ni nini kama si kitalu, pahali pa kufiwa na 938 bila kufilisika? Dola na mtaji hukuza. Kujaribu huanza padogo. Dola inaporuka hatua hiyo, gharama yake tunaijua, kwa sababu imeandikwa katika ardhi ya Kongwa.

Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mpango wa karanga Tanganyika, ukianzia Kongwa. Vita vilikuwa vimewaachia uhaba wa mafuta ya kula, na ujumbe ulioongozwa na John Wakefield mwaka 1946 ulizunguka nchi kwa wiki chache, ukapendekeza kilimo cha ekari zaidi ya milioni tatu. Yakaletwa matrekta, hata vifaru vilivyogeuzwa kazi, kung'oa vichaka na mibuyu. Mvua hazikutosha. Udongo wa Kongwa, ambao baada ya mvua hulimika, ukikauka hushikana mithili ya sakafu na kuyasaga majembe ya chuma. Na karanga, kama njugu mawe, iko chini ya ardhi. Ardhi ikishikana hung'oi kitu. Mpango ukaachwa mwanzoni mwa 1951 baada ya kupoteza takriban pauni milioni 36. Wagogo, wenyeji wa hapo, walikuwa wakitegemea uwele na mtama, mazao yanayokomaza punje zake juu, hewani, na hilo peke yake lilikuwa jibu kwa anayejua kuuliza. Nakubali kwamba kitalu cha uani kisingeweza kutabiri bei za vipuri wala ugumu wa bandari, na kwamba mpango ule ulikuwa na makosa mengi mbali na udongo. Lakini mistari mitatu ya karanga nyuma ya nyumba moja pale Kongwa, kwa misimu miwili, ingemwonyesha yeyote kinachompata mvunaji wakati wa kiangazi. Jambo hilo lingegharimu debe moja la mbegu.

Weka Kongwa kando ya Kilimanjaro, na tofauti inaonekana bila kuilazimisha. Kihamba cha Wachagga ni bustani ya nyumbani, kwa wastani chini ya hekta moja. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikadiria hekta 0.68 kwa familia, na kuhesabu zaidi ya aina 100 za mimea katika vihamba vya eneo zima. Imepangwa kwa ghorofa: juu miti mirefu ya mbao na kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini kabisa magimbi, maharage, mboga na majani ya ng'ombe wa zizini, na mifereji iitwayo mifongo ikileta maji kutoka mlimani. Ndizi na magimbi humo ni wageni wa zamani kutoka Asia. Wamisionari walipoanza kuotesha kahawa ya arabika misheni ya Kilema miaka ya 1890, Wachagga hawakufyeka kihamba wapate shamba la kahawa. Waliichomeka chini ya migomba, ikapata kivuli chake, ndizi zikaendelea kuliwa, na kama kahawa ingekufa hakuna aliyeangamia. Haikufa. Mwaka 1925 walikuwa tayari na chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 kikaundwa chama kikuu cha ushirika, KNCU. Walowezi waliona hatari ndani ya bustani hizo ndogo, ndiyo maana walipinga Waafrika kulima arabika. Kule Kenya Waafrika walizuiwa kuilima kwa sehemu kubwa ya enzi ya ukoloni. Hakuna anayepiga marufuku kitu kisicho na nguvu.

Lipo pingamizi moja ambalo linanigusa zaidi kuliko mengine: kwamba mapenzi ya mimea migeni ndiyo yaliyotupotezea yetu. Mgagani, mnavu, mlenda na mchicha pori vilirudishwa nyuma, kabichi na sukuma wiki zikakaa mbele. Mtoto anajua jina la tufaha hajui jina la furu. Tena mimea mingine migeni imegeuka tauni. Maesopsis eminii, msizi wa Uganda, uliopandwa Amani, umeingia ndani ya msitu wa asili wa Usambara na kuubana. Pingamizi la msitu nalikubali lote. Mti unaoenezwa na ndege hauheshimu uzio wa bustani, na anayejaribu ana wajibu wa kuuliza kwanza mbegu huliwa na nani. Kuhusu mboga, nadhani lawama inaelekezwa kwa mshitakiwa asiye yeye. Mnavu haukufukuzwa na kabichi iliyopandwa uani kando yake. Ulifukuzwa na soko lililotaka kitu kinachokaa siku nne bila kunyauka, na pia dharau iliyofundishwa kwamba mboga inayoota yenyewe ni ya maskini. Ua ndio ulioihifadhi. Mbegu za mgagani na mnavu hazikuwa dukani kwa miaka mingi. Zilikuwa kwenye vitambaa vilivyofungwa fundo na kuning'inizwa juu ya moshi wa jiko. Kituo cha utafiti wa mboga kilichofunguliwa Arusha mwaka 1992 kilipoanza kukusanya na kuboresha mboga za asili za Afrika, kilitegemea mbegu zilizokuwa bado hai mikononi mwa wakulima. Mkono uliojaribu mgeni ndio huo huo uliomhifadhi mwenyeji.

Si kila mgeni alikaribishwa mpaka ndani, na hilo nalo ni sehemu ya ushahidi. Unguja ina miduriani na mishokishoki iliyoletwa kutoka Asia ya Kusini-Mashariki. Msimu ukifika matunda yake yanauzwa katika soko la Darajani, wapo wanaoyapenda sana, lakini duriani halijavuka bahari kwenda kuwa chakula cha bara. Nadhani sababu ni kwamba halikumpata ndugu: hakuna tunda letu lenye harufu ile, hakuna chungu kilichokuwa kikilisubiri. Fenesi, lenye umbo la karibu nalo na harufu iliyo tulivu zaidi, lilienea kila mahali penye mvua ya kutosha. Bustani ilijaribu yote mawili ikayapa majibu tofauti, na jibu la duriani bado halijafungwa.

Shelisheli lilipata jibu la kati. Ni tunda la visiwa vya Bahari ya Pasifiki, lililotufikia kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi kama jina lake linavyosema, na Unguja na Pemba limekuwa chakula kamili: huchemshwa, huchomwa, hukaangwa vipande vyembamba, na Ramadhani hupikwa kwa nazi likawekwa kwenye futari kando ya muhogo na ndizi mbichi, wageni watatu katika kombe moja. Aina inayoliwa hivi haina mbegu. Haiwezi kumwagika njiani ikaota, haiwezi kubebwa na ndege, wala kupeperushwa na upepo. Mshelisheli kwa desturi huzaliwa hivi: mzizi uliopita karibu na uso wa ardhi hujeruhiwa, kwa jembe au kwa makusudi, palipojeruhiwa panachipua, na baada ya miezi chipukizi hukatwa na kipande cha mzizi wake, likafungwa kwenye jani la mgomba au kifuu chenye udongo unyevu, likavushwa ukuta kupewa jirani. Kila mshelisheli wa aina hii ulioko visiwani umefika ulipo kwa mkono wa mtu.